Bado Ipo?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi baada ya alasiri, Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya mabaharia wastaafu na vijana wanaosomea kazi za melini. Walio safarini waliniomba niiandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale.

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuja na kuvumilia joto hili. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, sogeeni, maana mengi ya leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya meli za ulinzi wa pwani. Nimechagua meli kongwe: meli saba za Marekani, zilizojengwa wakati baba zetu ni watoto. Mtaniuliza, za nini hizo? Kwani sisi hatuna bahari? Tunayo. Na tangu 2018 Kenya ina kikosi chake cha Walinzi wa Pwani, na najua humu ndani wamo vijana wanaotamani sare ile. Ni kwa ajili yao nimezichagua. Meli hizi zilitumika karibu miaka 50, na nyingi ya kazi zilizozipa jina hakuna aliyeziwazia siku zilipochorwa.

Lakini nianze na usiku mmoja wa maisha yangu.

Nilikuwa fundi wa tatu kwenye meli ya mizigo, kijana, na Kusi imekolea. Mashariki ya Sokotra injini ikatufia. Pampu ya mafuta ilivunjika, na tulipofungua sanduku la pampu ya akiba, iliyomo ndani ilikuwa ya injini nyingine kabisa. Mliopita baharini mnajua meli isiyo na injini inavyofanya: hulaza ubavu kwa wimbi, na kila wimbi huiuliza swali. Tukapiga wito wa dhiki. Meli ya ulinzi ya taifa jingine ikaitika, ikatufikia wakati wa magharibi, jua likitua. Kutuvuta haikuweza, bahari ilikuwa kubwa mno. Basi ikakaa. Usiku kucha ilituzunguka, umbali wa kama maili moja, taa zake zote zikiwaka.

Sisi tuliokuwa chini kwenye injini hatukuiona. Tulikuwa tunachonga kipuri kwa tupa, mikono imejaa mafuta, tunateleza huku na huku. Kila mtu akishuka ngazi tunamuuliza: bado ipo? Anajibu: ipo. Sarahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia, mzee wa Pemba, alifika hadi hatuulizi tena, anachungulia tu mlangoni na kusema, "Ipo." Alfajiri injini ikawaka. Meli ile ikapiga honi mara moja, ikaenda zake.

Nawauliza: ilitufanyia nini? Kamba haikuturushia. Fundi haikutuletea. Ilikaa. Na mimi nawaambia, mikono yangu usiku ule isingetulia kwenye tupa kama pale nje pangekuwa na giza tupu.

Sasa basi. Meli ya ulinzi wa pwani hupimwa kwa kitu gani? Waulize vijana, wengi watakuambia mbio. Wengine watakuambia mzinga. Wamarekani nao walipita hapo. Miaka ya 1920 pombe ilikuwa marufuku kwao, na kazi kubwa ya Walinzi wao wa Pwani ikawa kufukuzana na wafanya magendo. Ukimfukuza mtu wa magendo unataka boti nyepesi, ya mbio, itoke leo irudi kesho. Mwaka 1933 marufuku ikaondolewa. Wakati huohuo ndege zilianza kuvuka bahari zikiwa na abiria, na magendo ya kasumba yakawa yanatoka mbali, upande wa Asia. Boti za mbio hazifiki huko. Zikifika, hazikai.

Kwa hiyo wakataka meli ya kukaa. Na hapa, vijana, sikilizeni namna walivyoitafuta. Hawakujifungia chumbani kubuni kitu ambacho macho hayajaona. Jeshi la wanamaji lilikuwa tayari na michoro ya manowari ndogo za aina ya Erie. Mhandisi wa Walinzi wa Pwani, Kamanda Hunnewell, akachukua umbo lile la chini ya maji na mitambo ileile, kisha akaanza kulibadilisha la juu. Michoro ya awali 32 ilichorwa kabla ya mmoja kukubaliwa. Thelathini na miwili! Omo, yaani pua ya meli, ukainuliwa ili meli ipande wimbi badala ya kulinywa, na sitaha ikawa na mwinuko ambao mabaharia waliupa jina lake, nundu ya Hunnewell.

Mnakumbuka mafundi wa Matondoni kule Lamu? Fundi akitaka jahazi jipya, huangalia lile lililorudi salama misimu kumi. Mkuku, ule uti wa chini, anaujua; mataruma, zile mbavu, anayajua kwa jicho, hapo ndipo anapoongeza ujuzi wake. Hunnewell alifanya vivyo hivyo, kwa chuma.

Zikatoka meli saba. Huitwa aina ya Treasury, yaani Hazina, kwa kuwa wakati ule Walinzi wa Pwani walikuwa chini ya wizara ya fedha, na kila meli ilipewa jina la waziri wa fedha wa zamani: Bibb, Campbell, Duane, Hamilton, Ingham, Spencer na Taney. Nne zilijengwa Philadelphia na zote nne zikatiwa majini siku moja, tarehe 3 Juni 1936. Urefu wake futi 327, karibu mita 100. Upana futi 41. Boila 2 za kutoa mvuke, tabaini 2 zinazozungushwa na mvuke huo, rafadha 2 za kusukuma meli, nguvu za farasi 6,200, mbio kama noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Noti 20 si nyingi. Meli za abiria za zama zile zilikuwa zikizipita.

Lakini tazameni tangi la mafuta. Zaidi ya lita nusu milioni. Kwa mwendo wa taratibu meli hii ilikwenda zaidi ya maili 7,000 bila kugusa gati. Tokeni Kilindini, nendeni Mumbai, rudini Kilindini, na mafuta bado yamo ya kwenda tena nusu ya njia. Fedha na nafasi ambazo wangeweza kuzitia kwenye mbio, walizitia kwenye kukaa. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika meli hizi.

Na jambo la pili: waliacha nafasi. Mwaka 1937 meli moja ilikuwa na watu kama 120. Vita vilipokuja, ilibeba zaidi ya 220, pamoja na rada, sona ya kusikilizia nyambizi, mizinga ya kutungulia ndege na mabomu ya kulipulia nyambizi. Meli iliyobanwa tangu mwanzo ingepinduka au ingelazimika kubaki bandarini. Hizi zilimeza yote zikaendelea kuelea. Meli ikikosa nafasi huzeeka mapema, hata chuma chake kikiwa kizima.

Nimepanda moja. Meli yangu ilitia Baltimore kupakia makaa ya mawe, nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda bandari ya ndani, mjini, mahali ilipofungwa ile Taney, siku hizi ni makumbusho. Nilisimama kwenye ngazi moja ya chuma muda mrefu hadi mlinzi akanijia kuuliza kama naumwa. Kila kidato kilikuwa kimelika katikati, kimetengeneza bonde dogo la mguu. Nikaweka kiganja changu ndani ya lile bonde. Ni nyayo za miaka 50 hizo, wenzangu, watu wanaoshuka usingizini kwenda zamu na wanaopanda kutoka zamu. Vitanda vilikuwa vya tatu juu kwa juu, pua ya mtu inakaribia kugusa kitanda cha mwenzake.

Meli ile ilikuwa Honolulu tarehe 7 Desemba 1941, siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, ikafyatulia ndege mizinga. Ikastaafishwa tarehe 7 Desemba 1986. Miaka 45 kamili toka siku ile.

Na jina lake? Hili siwezi kulipita. Roger Taney, baada ya kuwa waziri wa fedha, alikuwa jaji mkuu wa Marekani. Mwaka 1857 aliandika hukumu ya kesi ya Dred Scott, akasema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi ile. Jina la mtu huyo ndilo walilolibeba mabaharia kwenye kofia zao, wakiwemo weusi. Mwaka 2020 jina likaondolewa kwenye meli ya makumbusho. Sasa huitwa kwa namba yake, WHEC-37. Mimi naona walifanya vyema.

Kwa sababu ngojeni niwaambie juu ya Campbell. Februari 1943, Bahari ya Atlantiki ya kaskazini, msafara wa meli za mizigo unakwenda Marekani huku nyambizi za Kijerumani zinaufuata kama papa wanavyofuata mtumbwi wenye damu ya samaki. Usiku wa tarehe 22 nyambizi U-606, iliyokwisha kujeruhiwa na manowari ya Kipolandi iitwayo Burza, ikaibuka mbele ya Campbell. Kamanda James Hirshfield akaamuru meli iigonge. Na mizinga ikaanza. Mzinga mmojawapo ulikuwa mikononi mwa wahudumu weusi wa mezani, wakiongozwa na mmoja wao, Louis Etheridge. Zama zile mtu mweusi katika kikosi kile kwa kawaida aliruhusiwa kupeleka chakula kwa maofisa na kupiga pasi. Mchana ana sinia, usiku ana mzinga. Na walilenga wakapata. Nishani ya Etheridge ilikuja baada ya miaka mingi.

Nyambizi ikazama, lakini bawa lake la chini lilichana ubavu wa Campbell. Chumba cha injini kikajaa maji. Umeme hakuna. Meli ya mita 100 imelala gizani, imekufa, katikati ya maji yenye nyambizi. Hapo wakafanya kitu ambacho babu zetu wa majahazi wangekitambua mara moja: walishusha turubai zito nje ya ubavu, likafunika tundu, maji yenyewe yakalikandamiza mahali pake. Sehemu ya mabaharia wakahamishiwa Burza. Waliobaki wakaizuia meli isizame mpaka ikavutwa bandarini, safari ya mamia ya maili. Pamoja nao alibaki mbwa wa meli, jina lake Sinbad, kama yule baharia wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu. Mabaharia waliamini kwamba Sinbad akiwa ndani, Campbell haizami. Meli ikatengenezwa, ikarudi kazini, ikafanya kazi mpaka 1982.

Hamilton haikupata bahati hiyo. Tarehe 29 Januari 1942, karibu na Iceland, ilipigwa topido na nyambizi U-132 upande wa mitambo, ikapinduka siku ya pili ikiwa inavutwa. Watu 26 wakafa. Katika saba, hiyo ndiyo pekee iliyopotea vitani. Spencer nayo, Aprili 1943, iliilazimisha nyambizi U-175 kuibuka, na mabaharia wake wakaipanda ikiwa inazama.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko nyambizi zote. Februari ileile ya 1943, tarehe 7, msafara mwingine. Meli iliyobeba askari, Henry R. Mallory, ikapigwa topido kabla ya kucha. Baridi, bahari imechafuka, mashua nyingi za kuokolea watu hazikushuka salama. Mlinzi wa zamu wa Bibb akaona mashua moja ina watu. Kamanda wa Bibb, Roy Raney, akageuza omo kuelekea kule. Amri ikaja kutoka kwa mkuu wa ulinzi wa msafara: rudi kwenye msafara.

Wazee wangu, mnaijua amri. Na amri ile haikuwa ya kikatili. Ilikuwa na hesabu yake. Meli inayosimama kuokoa watu ni shabaha iliyotulia, na msafara ulioachwa bila mlinzi huweza kupoteza wengi zaidi. Raney aliisikia. Akakaa. Mabaharia wake wakashusha nyavu ubavuni, na wengine wakaruka ndani ya maji yale ya Februari kwa hiari yao, kwa sababu waliokuwa baharini vidole vyao vilikuwa vimekufa ganzi na hawawezi kushika kamba. Unamfunga mtu kamba chini ya makwapa, unapiga kelele wavute, unakwenda kwa mwingine. Bibb peke yake ilitoa majini watu zaidi ya 200. Ingham nayo ikafika kusaidia.

Nimefikiri miaka mingi: mimi ningefanya nini? Kila nikijiuliza, jibu langu hubadilika. Lakini najua hili: Raney asingeweza hata kuchagua kama meli yake ingekuwa ndogo. Watu 200 utawaweka wapi? Utawafunika kwa nini? Utawapa supu gani? Ile nafasi niliyowaambia, ile iliyoachwa na mchoraji mezani, ndiyo iliyompa nahodha uwezo wa kusema "nakaa."

Vita vikaisha. Mizinga mingine ikang'olewa, na meli zikapewa kazi isiyo na sifa hata kidogo. Ndege za abiria sasa zinavuka Atlantiki kila siku, na hapakuwa na setilaiti. Nani atamwambia rubani hali ya hewa iko vipi katikati ya bahari? Basi zikawekwa meli kwenye vituo, kila kituo na herufi yake. Unafika kwenye maji matupu, hakuna kisiwa, hakuna mwamba, hakuna hata boya, na unaambiwa: hapa ndipo. Kaa hapa wiki tatu. Unarusha puto la kupima hewa, unatuma majibu, unatoa mawimbi ya redio ili ndege zijue zilipo. Mawimbi yanakutupa mpaka sahani zinagoma kukaa mezani. Wiki tatu. Kisha anakuja mwenzako, unakwenda nyumbani, unarudi tena.

Hamna habari ya kuandikia gazeti hapo. Mpaka tarehe 14 Oktoba 1947.

Siku hiyo Bibb ilikuwa kituo Charlie, yaani cha herufi C, chini ya Kapteni Paul Cronk. Ndege kubwa ya kutua majini, Bermuda Sky Queen, ilikuwa imetoka Foynes huko Ireland ikielekea Gander, Newfoundland. Ndani walikuwamo watu 69, abiria 62 na wafanyakazi 7. Akina mama walikuwamo, watoto walikuwamo. Upepo wa mbele ukawa mkali kuliko walivyoambiwa. Rubani, Charles Martin, kijana wa miaka 26, alikuwa tayari ameipita Bibb alipopiga hesabu ya mafuta na kuona hayamfikishi nchi kavu upande wowote. Afanye nini? Angekuwa na nini cha kufanya, kama pale chini pangekuwa na maji matupu? Akageuza ndege, akarudi kuitafuta meli. Akatua kando yake, katikati ya mawimbi ya futi 30.

Futi 30, vijana, ni nyumba ya ghorofa tatu, inakuja, inapita, inakuja nyingine.

Kwanza rubani akajaribu kuisogeza ndege kwenye ubavu wa meli uliokingwa na upepo. Wimbi likavipandisha vyote viwili, pua ya ndege ikagonga chuma cha Bibb, ikapondeka. Ndege ikarudi nyuma upesi. Ikawa sasa haiwezi kusogea na meli haiwezi kuisogelea. Wakakaa hivyo saa nyingi, abiria wanatapika, ndege inapigwa, mishono ya bati inaanza kulia. Watu watatu wakajitolea kushuka kwa boya dogo la mpira, wakafika salama. Hapo Cronk akapata imani. Akaiweka meli upande wa joshi, upepo unakotoka, akamwaga mafuta juu ya maji ili kuulaza wimbi, akapeleka boya kubwa la mpira mpaka mlango wa ndege.

Sasa jiwekeni mlangoni pale. Mama ana mtoto. Boya liko futi kumi chini yako, mara liko usawa wa magoti yako, mara limezama tena. Kuna sekunde moja tu ya kuruka, na anayekuambia "sasa!" humjui. Waliruka. Mmoja mmoja waliruka. Jioni ikiingia, mashua iliyokuwa imebeba watu ikajaa maji karibu kabisa na meli, wote wakamwagika baharini. Na mabaharia wa Bibb walikuwa tayari wananing'inia kwenye nyavu ubavuni, wimbi likija linawafunika, likishuka wanaonekana, kila mmoja mkono mmoja kwenye wavu na mmoja umenyooshwa. Waliwadaka wote. Hakuna hata mmoja aliyepotea.

Kufikia giza, 47 walikuwa ndani ya meli. Waliobaki ndani ya ndege ni 22. Cronk akaona kuendelea gizani ni kuwaua. Akasimamisha.

Nataka mkae na hao 22 kidogo. Mimi nimekaa nao mara nyingi, nikiwa zamu ya usiku. Ndege yao imepondeka pua, wenzao wamekwenda, usiku mzima uko mbele, Oktoba, Atlantiki. Dirisha lao ni dogo. Kila wimbi likiwashusha bondeni hawaoni kitu ila ukuta mweusi wa maji. Kisha linawapandisha. Na nina hakika, kwa usiku ule wangu wa Sokotra, walichokuwa wakikitafuta kila walipopandishwa kileleni kilikuwa kitu kimoja tu.

Bado ipo?

Ilikuwepo. Asubuhi bahari ikapungua, wakatolewa wote 22. Watu 69 walitua, watu 69 walikwenda nyumbani. Ndege yenyewe ikazamishwa kwa mizinga isije ikawa hatari kwa meli nyingine. Vituo vile vya baharini viliendelea miaka 30 zaidi. Cha mwisho cha Wamarekani, kituo Hotel, kilifungwa 1977, na aliyekuwa zamu alikuwa Taney.

Kati ya hapo meli zote sita zilizobaki zilipelekwa Vietnam. Zilisimamisha vyombo vya pwani kutafuta silaha na kupiga mizinga nchi kavu. Meli ni zilezile, mabaharia ni walewale wa kuokoa watu. Lakini mvuvi wa kule anayesimamishwa ndani ya maji yake mwenyewe haoni taa ya kutuliza moyo, anaona bunduki. Nalisema kwa kuwa meli haina dhamira. Huenda inakotumwa, na vijana mtakaovaa sare mtatumwa pia.

Na sisi? Mji huu una makaburi ya Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko chetu kilizama mbele ya macho yetu, wakafa watu zaidi ya 270. Sihitaji kuwaeleza mnaotoka Likoni. Siku moja baadhi yenu, vijana, mtaketi kwenye meza ambapo mtu amekuja na picha nzuri ya meli mpya, na jambo la kwanza atakalokuambieni ni mbio zake. Muulizeni: inakaa nje siku ngapi? Tukiokoa watu mia, watalala wapi, watafunikwa na nini? Omo wake unapanda wimbi la Kusi au unalinywa? Na sanduku la pampu ya akiba, nifungulieni nilione kwa macho yangu.

Zilikwishaje? Spencer ilistaafishwa 1974, ikatumika kufundishia mafundi, kisha ikakatwa chuma. Campbell ilizamishwa 1984 karibu na Hawaii, ikawa shabaha ya mazoezi. Bibb na Duane zilistaafu 1985, na Novemba 1987 zikazamishwa kwa makusudi mbele ya Key Largo, Florida, ziwe matumbawe ya kutengenezwa. Duane imekaa wima chini kule, imesimama juu ya mkuku wake. Bibb imelala ubavu. Wapiga mbizi wanasema samaki wamejaa. Najua kila baharia ana lake kuhusu meli kuzamishwa, na mzee mmoja hapa mbele ametikisa kichwa. Mimi moyo wangu huwa mzito nikiwaza Bibb, zile nyavu ubavuni. Lakini kati ya kukatwa vipande na kulala pale kuwa nyumba ya chewa na changu, ningeichagulia hiyo.

Ingham ilikuwa ya mwisho kushusha bendera, Mei 1988. Iko Key West sasa, imefungwa gatini, watu wanalipa kiingilio na kupanda. Mwenye safari ya kule aniambie, nitampa kazi moja: ashuke chini, asimame kwenye chumba cha injini, anipigie picha ya ngazi.

Sasa nipeni maji kidogo. Kuna kijana pale mlangoni ameinua mkono tangu nilipotaja boila. Sogea mbele, mwanangu, uulize.